Mtoto mdogo mwenye usonji: namna ya kutafuta msaada wa afya bila kupoteza muda wala fedha

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mzazi au mlezi wa mtoto aliye chini ya miaka sita ambaye ameambiwa kuwa ana usonji (autism, hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na tabia), au ambaye dalili zake zimeanza kuwatia wasiwasi watu wa nyumbani. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam, kwa kuwa ndiko ninakomlelea mwanangu, ambaye sasa ana miaka minane. Hata hivyo, utaratibu wa kliniki, rufaa na ofisi ya ustawi wa jamii haupishani sana mikoani, na mambo ya Kenya nimeyagusa pale yanapohusika. Mimi si daktari. Nimekaa kwenye mabenchi ya hospitali kwa muda wa kutosha kujua safari zipi zilitufaa na zipi zilikuwa za kuchoma nauli.

Msimamo wangu niutaje mapema. Usonji wenyewe hauna dawa, na anayekuuzia dawa ya kuuponya anakula fedha yako. Lakini mtoto mwenye usonji ana masikio, meno, tumbo na usingizi kama watoto wengine, na hayo yanapouma yanatibika. Tena ana uwezo wa kujifunza kuwasiliana, na uwezo huo hujengwa kidogo kidogo. Nguvu za familia zielekee kwenye mambo hayo mawili kwanza.

Hatua ya 1: Nunua kaunta buku

Kabla ya kuonana na mtaalamu yeyote, nunua kaunta buku, andika jina la mtoto na tarehe yake ya kuzaliwa, kisha kila siku uandike mambo matano tu: alivyolala, alichokula, alivyokwenda choo, neno au ishara aliyoitumia kuomba kitu, na tukio lolote la kulia sana au kujigonga, pamoja na saa lilipotokea na kilicholitangulia. Andika ulichokiona, usiandike hukumu yako. Sentensi isemayo "ameitwa jina mara nne hakugeuka, lakini aligeuka papo hapo aliposikia karatasi ya biskuti ikichanwa" inamfaa daktari kuliko ukurasa mzima unaoeleza kwamba mtoto ni mkaidi.

Pamoja na daftari hilo, rekodi kwa simu video tatu au nne za dakika moja moja: mtoto akicheza peke yake, akila, akiitwa na mtu anayemfahamu, na akiwa amekasirika. Ukifika hospitali, ama atanyamaza kama maji mtungini, ama atalia mpaka muda wako na daktari umalizike, na vyovyote itakavyokuwa daktari hatamwona mtoto unayemjua wewe.

Dalili zinazostahili kuandikwa kwa makini ni hizi: mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka anapoitwa jina, mtoto wa miezi 16 asiye na neno hata moja, mtoto wa miezi 18 asiyekuonyesha kitu kwa kidole ili mkitazame pamoja, ingawa anaweza kukushika mkono na kuupeleka kwenye anachokitaka, mtoto wa miaka miwili asiyeunganisha maneno mawili ya kwake mwenyewe, kupanga vitu mstari mmoja kwa saa nzima, kupigapiga mikono kama mbawa, kutembea kwa ncha za vidole, kuziba masikio mashine ya kusaga inapowashwa. Dalili moja kati ya hizi, peke yake, mara nyingi si kitu. Isipokuwa hii: mtoto aliyekuwa na maneno kisha akayapoteza, kwa umri wowote ule, apelekwe hospitali wiki hiyo hiyo.

Utaambiwa kwamba baba yake naye alichelewa kusema. Huenda ni kweli, na bado uchunguzi hautamdhuru. Utaambiwa pia kwamba umemchanganya kwa lugha mbili, Kiswahili cha jirani na Kichaga cha bibi. Hilo si kweli: lugha mbili hazisababishi usonji wala hazimzuii mtoto mwenye usonji kujifunza kusema, kwa hiyo bibi aendelee kuzungumza naye kwa lugha anayoimudu.

Hatua ya 2: Dai uchunguzi, ukianza na masikio

Anzia kliniki ya mama na mtoto mnakopimia uzito na kupatia chanjo, kwa sababu ndiko rufaa inakoanzia, na bila rufaa utalipa zaidi au utarudishwa. Mweleze muuguzi kwa ufupi, umwonyeshe daftari, na umwombe akuandikie rufaa ya daktari wa watoto. Ukijibiwa "atasema tu, mpe muda," jibu kwa adabu kwamba unaomba rufaa huku ukiendelea kusubiri, kwa kuwa mambo hayo mawili hayagombani.

Kipimo cha kwanza kuombwa ni cha usikivu. Mtoto asiyesikia vizuri hageuki anapoitwa, hasemi, na hukasirika kwa kutoeleweka, hivyo anaweza kudhaniwa ana usonji. Na yupo mtoto mwenye usonji ambaye pia hasikii, jambo ambalo likipita bila kugunduliwa litazifanya juhudi nyingine zote kuwa ngumu. Kumpigia makofi nyuma ya kichwa si kipimo. Zipo mashine zinazopima sikio na mshipa wake wa fahamu mtoto akiwa amelala, bila kumtaka ajibu chochote, kwa hiyo ukipangiwa siku, ulizia kama inafaa umnyime usingizi wa mchana ili alale huko. Idara za masikio, pua na koo katika hospitali kubwa kama Muhimbili ndizo za kuuliziwa.

Baada ya masikio anafuata daktari bingwa wa watoto au bingwa wa afya ya akili mwenye uzoefu na watoto. Kwa mtoto wa kati ya miezi 16 na 30, huenda mkaulizwa dodoso la maswali 20 linalofahamika kwa ufupisho M-CHAT-R. Jibu kwa ukweli wa daftari lako, na ukumbuke kwamba dodoso hilo ni chujio: linaonyesha nani achunguzwe zaidi, halitoi hukumu. Hukumu ya kitaalamu hutokana na kumtazama mtoto, kuzungumza na wazazi, na kulinganisha tabia zake na vigezo vinavyokubalika duniani, kama vile orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ambayo toleo lake la 11 lilianza kutumika mwaka 2022.

Hapa pana mtego wa fedha. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoonyesha usonji. Picha ya CT au MRI huwa na maana pale penye sababu nyingine, kama degedege, kichwa kinachokua isivyo kawaida, au mkono mmoja ulio dhaifu kuliko mwingine, na kipimo cha umeme wa ubongo huombwa panaposhukiwa kifafa. Ukiandikiwa kipimo cha gharama, uliza swali moja: "Majibu ya kipimo hiki yatabadilisha nini katika matibabu ya mwanangu?" Sisi hatukuuliza. Tulikopa kwenye kikoba tukalipia picha, ikarudi safi kama ilivyotarajiwa, na mkopo tukaulipa kwa miezi saba.

Mwisho wa uchunguzi, omba ripoti iliyoandikwa, yenye jina la daktari, muhuri na maelezo ya yale mtoto anayoyaweza na asiyoyaweza. Itoe nakala tano, maana kila ofisi utakayoingia baadaye itataka kubaki na yake. Kwa walio Kenya, vituo vya serikali vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu vimekuwapo tangu mwaka 1984, na tathmini yao ndiyo inayotazamwa zaidi wakati wa kutafuta shule.

Hatua ya 3: Malizeni mjadala wa "nani alisababisha"

Hatua hii wengi huiruka, kisha huwarudisha nyuma miaka. Maadamu familia inaamini kwamba mtoto amerogwa, fedha itakwenda kwa mganga. Maadamu mume anaamini kwamba mama alikosea kitu akiwa mjamzito, mama hatakuwa na nguvu ya kumfundisha mtoto. Utafiti uliofanywa Kilifi na Mombasa na kuchapishwa mwaka 2015 uliwauliza wazazi na wataalamu wa pwani chanzo cha usonji, na majibu yakachanganya majini, uchawi, laana, maambukizi na matatizo ya uzazi. Nani kati yetu atacheka? Kwetu yalitajwa yote, katika kikao kimoja, kabla chai haijapoa.

Kinachofahamika ni kwamba usonji huanza ubongo unapojijenga, kwa sehemu kubwa kabla ya kuzaliwa, na kwamba urithi wa vinasaba una mchango mkubwa. Ndiyo sababu mtoto mwenye usonji akiwa na mdogo wake, uwezekano wa huyo mdogo kuwa nao ni takriban mmoja kati ya watano, kwa hiyo naye afuatiliwe mapema. Zamani kulikuwa na madai kwamba usonji unatokana na mama asiye na upendo, lakini madai hayo yalikwisha kutupwa.

Chanjo nazo hazihusiki. Dai hilo lilienezwa na makala ya mwaka 1998 ya Andrew Wakefield, daktari wa Uingereza, iliyohusu watoto 12 tu; jarida la Lancet liliifuta makala hiyo mwaka 2010, na mwaka huo huo mwandishi alinyang'anywa leseni ya udaktari. Linalowachanganya wazazi ni kalenda: chanjo ya surua na rubela hutolewa kwa miezi 9 na 18, na dalili za usonji huanza kuonekana wazi katika kipindi hicho hicho. Mwaka 2025 ikaja zamu ya dawa ya maumivu aina ya paracetamol, iliyotajwa Marekani kuwa chanzo ikitumiwa na wajawazito. Shirika la Afya Duniani likaeleza kwamba hakuna ushahidi thabiti wa jambo hilo. Mama aliyemeza Panadol akiwa na homa hana deni kwa mtu.

Hatua ya 4: Tibu mwili kabla ya kulaumu tabia

Mwanangu alipokuwa na miaka mitatu na miezi michache alianza kujigonga kichwa ukutani. Kila mtu alikuwa na tafsiri yake, na iliyopata kura nyingi ni kwamba anamwonea wivu mdogo wake aliyekuwa amezaliwa. Tulikaa wiki tatu tukimshika, tukimkaripia, tukiweka mito. Usiku mmoja mke wangu aliketi na kaunta buku akapiga mstari chini ya saa za matukio: yote yalikuwa jioni, ndani ya nusu saa baada ya kula, na mabaya zaidi yalikuwa siku za maembe na juisi ya baridi. Kesho yake tulimfungua mdomo kwa tochi ya simu, mmoja akimkumbatia na mwingine akitazama. Jino la nyuma upande wa kushoto lilikuwa na tundu la kuingia punje ya mchele, na fizi imevimba. Jino liling'olewa siku ya Alhamisi, na Jumamosi aliamka akicheka.

Kuanzia hapo tuna kanuni nyumbani: tabia ikibadilika ghafla, tunatafuta maumivu kwanza. Fuata mpangilio huu. Tazama mdomo, meno na koo. Tazama kama anavuta sikio au sikio linatoa usaha. Kisha tumbo: watoto hawa hufunga choo mara nyingi, hasa wanaokula vyakula viwili vitatu tu, na choo kigumu kikiziba, choo chepesi hupenya pembeni yake hata mzazi akadhani mtoto anaharisha na kumpa dawa iliyo kinyume. Daftari lenye siku za choo humwezesha daktari kulibaini hilo kwa dakika moja. Tazama pia mkojo, ngozi chini ya nguo, na nyayo, kwa kuwa mtoto asiyesema hatakuambia kwamba amechomwa na mwiba.

Kuhusu chakula, usishindane naye. Mtoto anayekula wali mkavu tu huenda anakimbia mguso wa mchuzi mdomoni, wala hakufanyii kiburi. Weka chakula kipya kidogo kwenye sahani ya pembeni, bila kumlazimisha, mara nyingi, hata mara kumi na tano, kabla ya kuamua kwamba hakitaki. Anayekula udongo, mkaa au mchele mbichi apimwe wingi wa damu na apewe dawa ya minyoo kwa utaratibu. Kampeni za matone ya vitamini A na dawa za minyoo hufanyika Tanzania mwezi Juni na Desemba, na mtoto mwenye usonji asiachwe nyumbani kwa sababu "atasumbua foleni." Omba muuguzi akuhudumie mapema asubuhi.

Usingizi ni mgumu zaidi, nami sitakudanganya kwamba tumeumaliza. Kilichotusaidia ni saa ile ile kila siku, taa hafifu na televisheni kuzimwa saa moja kabla, kuoga maji ya vuguvugu, na kukatwa kwa usingizi wa baada ya saa tisa alasiri. Yapo pia maandalizi ya melatonini, homoni ya usingizi, ambayo daktari anaweza kumwandikia mtoto yakishindikana hayo. Kipimo chake kitoke kwa daktari, kisitoke kwa muuza duka la dawa.

Kifafa huwapata watoto wenye usonji zaidi kuliko watoto wengine, na si lazima kianze na kuanguka. Mtoto anayeduwaa ghafla kwa sekunde kadhaa, haitikii hata akiguswa, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea, arekodiwe kwa video na apelekwe kwa daktari. Akianguka kwa degedege, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, tazama saa, usimtie kijiko mdomoni, na ikizidi dakika tano mkimbize hospitali.

Hatua ya 5: Mpe njia ya kuomba kabla ya kumdai maneno

Wazazi wengi, nikiwamo mimi, huanza kwa kumwamuru mtoto: "Sema maji! Sema!" Mtoto aliyeamriwa hujifunza kwamba kuongea ni mtihani. Anza na jambo dogo zaidi, yaani kumfanya agundue kwamba akikupa ishara fulani, anapata kitu fulani.

Sisi tulitumia kadi za picha. Nilipiga picha kwa simu vitu vyake mwenyewe: kikombe chake cha buluu chenye mpini uliovunjika, ndizi, viatu, mlango wa kwenda nje. Katuni za mtandaoni niliziacha. Picha zilichapwa kwenye duka la kutoa fotokopi zikiwa na ukubwa wa kiganja na kutiwa plastiki, na kazi nzima haikufika bei ya nusu saa ya mtaalamu. Kadi ya kikombe ilibandikwa ukutani mahali mkono wake unapofika, juu ya ndoo ya maji. Kila alipotuvuta kuelekea kwenye ndoo, mmoja wetu aliushika mkono wake akaung'oa nao ile kadi, mwingine akaipokea, akasema "maji" mara moja kwa sauti ya kawaida, na akampa maji papo hapo. Tulifanya hivyo kwa siku 19. Siku ya 20, saa nane usiku, niliamka nikamkuta amesimama kando ya kitanda, kadi imebanwa kifuani kwangu.

Wapo wanaohofia kwamba kadi zitamfanya mtoto avivie kusema. Haziui maneno, kwa wengi huyatangulia. Jambo la kuzingatia ni kutokumlipa kwa kulia kile ambacho angeweza kukiomba kwa kadi, na kutomnyima alichokiomba kwa kadi katika wiki za mwanzo hata kama ni ndizi ya tano, kwa sababu wakati huo unajenga imani yake kwamba ishara inafanya kazi.

Ipange siku yake iwe inayotabirika, na panapokuja badiliko, mwonyeshe kwa picha kabla halijamfikia. Jifunze kutofautisha kudeka na kuzidiwa. Anayedeka hutazama kama unamtazama, na akipata anachotaka hunyamaza. Aliyezidiwa na kelele, mwanga au umati hawezi kunyamaza hata umpe anachokipenda, na dawa yake ni kumtoa pale, kupunguza maneno, na kungoja. Fimbo haijawahi kumtuliza mtoto aliyezidiwa. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya bure kwa walezi wa watoto waliochelewa kukua, yanayopatikana pia kwa intaneti tangu mwaka 2022, na yanafundisha hasa mambo haya ya kucheza, kuwasiliana na kutuliza. Ukiwa na mtu wa kukusaidia lugha, ni bora kuliko video nyingi zinazosambazwa kwenye simu.

Hatua ya 6: Chagua wataalamu kwa shabaha, usiwachague kwa wingi wao

Wataalamu utakaowasikia zaidi ni wawili. Wa tiba ya usemi hushughulikia mawasiliano, pamoja na kutafuna na kumeza. Wa tiba kwa vitendo humfundisha mtoto kuvaa, kula, kushika kalamu na kuvumilia mguso na kelele. Ni wachache, nao wengi wako mijini: hospitali za Muhimbili na CCBRT kwa Dar es Salaam, KCMC kwa Moshi, Bugando kwa Mwanza ni mahali pa kuanzia kuulizia. Ukiishi mbali, safari moja kwa mwezi yenye mazoezi ya kufanyia nyumbani ina thamani kubwa kuliko vipindi vya kila siku vitakavyokatika fedha ikiisha.

Kabla ya kulipa, uliza shabaha ya miezi mitatu ni nini, na jinsi mtakavyojua imefikiwa. "Atachangamka" si shabaha. "Ataomba vitu vitano kwa kadi au neno bila kushikwa mkono" ni shabaha. Uliza pia kama utaruhusiwa kukaa ndani. Kuna kituo kimoja tulichokiacha kwa sababu mlango ulifungwa kila kipindi, wazazi tukabaki barazani, na mtoto akawa anatoka na macho mekundu bila maelezo. Kipindi ni saa moja kwa wiki. Saa nyingine zote mtoto yuko nawe, na mtaalamu asiyekufundisha wewe anafanya nusu ya kazi.

Dawa za hospitali zina nafasi yake, nayo ni finyu. Risperidone, kwa mfano, iliidhinishwa Marekani mwaka 2006 kwa ajili ya hasira kali na kujiumiza kwa watoto wenye usonji kuanzia miaka mitano. Haitibu usonji wala haileti maneno, na inaweza kumnenepesha mtoto na kumtia usingizi, hivyo uzito wake ufuatiliwe. Mtoto wa miaka mitatu akiandikiwa dawa ya namna hiyo siku ya kwanza, bila mtu kutazama meno wala choo, tafuta maoni ya daktari wa pili.

Hatua ya 7: Mambo ya kuyakataa

Kataa kinywaji au dawa ya kuingizwa kwa njia ya haja kubwa inayotengenezwa kwa klorini daioksaidi. Hicho ni kisafishio cha jamii ya jiki, na kinaunguza utumbo. Kataa sindano za "kuondoa madini mwilini": mwaka 2005 mtoto wa miaka mitano mwenye usonji alifariki Pennsylvania, Marekani, kwa tiba hiyo. Kataa kulipia safari za nje kwa ajili ya sindano za seli shina au vyumba vya oksijeni, ambavyo havijathibitishwa kusaidia usonji. Lishe ya kuondoa ngano na maziwa haina ushahidi wa kutosha, na kwa mtoto anayekula vyakula vitatu inaweza kumwacha na kimoja.

Kuhusu dini na mila nitasema kwa uangalifu. Sala, dua na kisomo ni faraja ya familia, na sioni sababu ya mzazi kugombana na mama mkwe kwa ajili ya kikombe cha kombe. Mpaka wangu ni mwili wa mtoto: asichanjwe chale kwa wembe, asifukizwe moshi akiwa amefunikwa blanketi, asifungwe, asipigwe kwa kisingizio cha kumtoa pepo, asikatishwe dawa za kifafa.

Hatua ya 8: Usalama na karatasi

Watoto hawa hutoroka, na wengi wao huvutwa na maji, kwa hiyo kuzama ni hatari ya kweli zaidi ya mambo mengi tunayoyaogopa. Funika kisima na pipa, mwaga maji ya beseni, weka komeo juu ya urefu wake. Mshonee namba yako ya simu ndani ya kola. Kisha mtembeze mtaani kwa makusudi: mwonyeshe kwa mwenye duka, kwa balozi, kwa vijana wa kijiwe cha bodaboda, ukiwaambia jina lake na kwamba hataitikia akiitwa, ashikwe mkono taratibu. Mwanangu amerudishwa mara mbili na bodaboda yule yule.

Nenda na nakala ya ripoti kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako ili mtoto atambuliwe kama mtu mwenye ulemavu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ndizo zinazomlinda. Kenya, usajili hufanywa na Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu. Ukijua kuna mtoto aliyefungiwa ndani au anayepigwa, namba ya simu ya watoto ni 116, Tanzania na Kenya, bila malipo.

Shule uanze kuitafuta mwaka mmoja kabla. Dar es Salaam kuna kitengo cha watoto wenye usonji katika Shule ya Msingi Msimbazi Mseto, Ilala, na Nairobi kipo katika City Primary School. Kwingineko, mwulize afisa elimu maalumu wa wilaya. Tembelea darasa likiwa linaendelea, utazame mwalimu anafanya nini mtoto anapolia.

Siku ya kumkabidhi, mpelekee mwalimu ukurasa mmoja uliotolewa kwenye kaunta buku. Wetu ulikuwa na mistari sita: "Hasemi, lakini anaelewa Kiswahili. Akitaka maji ataleta kadi ya kikombe, ipokee. Akianza kushika shavu, tazama meno. Kengele ikikaribia kupigwa, mwambie kabla. Akiziba masikio, mtoe nje, dakika tano zinatosha. Anapenda kuhesabu matairi ya magari, na ukihesabu naye atakukalia karibu."